Sura ya Sita: Mtemi Habadilishwi kwa Kitufe

Mwaka 2005 kampuni ya Firaxis ya Marekani ilitoa gemu ya mkakati iitwayo Civilization IV. Mchezaji hupewa watu wachache na kipande cha ardhi katika mwaka 4000 kabla ya Kristo, naye hulilea taifa lake hadi zama za kurusha vyombo angani. Ukiiwasha, kabla hujajenga hata mji mmoja, unapokelewa na kwaya inayoimba kwa Kiswahili. Ni Sala ya Bwana, katika wimbo "Baba Yetu" wa mtunzi Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulishinda Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo.

Ukishamaliza kusikiliza na kuanza kuchagua taifa, wenye lugha hiyo huwaoni. Wamo Wamisri, wamo watu wa Mali chini ya Mansa Musa. Matoleo ya nyongeza yakaleta Wazulu na Waethiopia. Mswahili wa Kilwa hayumo, wala Mnyamwezi. Wala silalamikii orodha ya mataifa, maana hakuna orodha inayotosheleza watu wote. Ninachotaka kukipima katika sura hii ni kanuni zenyewe, hasa zile za dini na za serikali. Kanuni ya gemu ni dai kuhusu binadamu: anayeiandika anasema kwamba watu hutii kwa sababu hii, huamini kwa njia ile, huasi wakifikishwa hapa. Dai likiwa la kweli, halina budi kusimama popote. Basi nitalipeleka Tura.

Tura leo ni kata katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na ni stesheni ya Reli ya Kati. Katika karne ya 19 ilikuwa mlango wa nchi. Msafara uliotoka pwani ulipanda Usagara, ukavuka Ugogo ukilipa hongo kwa mtawala mmoja baada ya mwingine, kisha ukaingia Mgunda Mkali, pori refu la miiba lenye maji ya kubahatisha. Waliolivuka salama walitokea Tura, wakaona mashamba, mabanda na moshi wa jikoni, na hapo ndipo Unyamwezi ilipoanzia. Wasafiri Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Kutoka Tura ilibaki mwendo wa siku chache kufika Unyanyembe, kwenye makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Wahindi yaliyoitwa Kazeh, ambayo ndiyo yaliyokuja kuwa Tabora. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Waandishi wa Ulaya waliandika kuhusu Tura kama watu waliofika ugenini. Kwa mpagazi, aliyekuwa amebeba pembe au majora ya nguo miezi mingi, Tura ilikuwa kurudi nyumbani.

Sasa tazama dini inavyofanya kazi katika Civilization IV. Zimo dini 7: Ubudha, Uhindu, Uyahudi, Ukonfusio, Utao, Ukristo na Uislamu. Taifa la kwanza kugundua elimu fulani ndilo linaloasisi dini inayoambatana nayo. Atakayetangulia kuvumbua theolojia huasisi Ukristo, hata kama ni mfalme wa China. Mji inakozaliwa dini huwa mji mtakatifu. Ukijenga hapo hekalu kuu kwa msaada wa nabii, kila mji duniani wenye dini hiyo unakuletea sarafu. Watengenezaji waliamua kwa makusudi kwamba dini zote 7 ziwe na nguvu sawa, asionekane mtu yeyote kudharauliwa imani yake. Uamuzi huo nauheshimu. Mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo wanaweza kukaa mbele ya kompyuta moja wakacheza bila ugomvi.

Tena kuna kanuni ambayo mtu wa Tabora ataitambua mara moja: dini husafiri yenyewe kufuata njia za biashara. Mji uliounganishwa na mji mwingine kwa barabara au mto unaweza siku moja kuamka na dini mpya bila mmisionari kutumwa. Uislamu ulifika Unyamwezi hivyohivyo. Ulipita Ugogo na Mgunda Mkali pamoja na majora, shanga na baruti, ukakaa Kazeh na Ujiji katika nyumba za wafanyabiashara na za waungwana waliowafuata kutoka pwani.

Ila ulikaa hapohapo kwa muda mrefu. Biashara ya pembe ilichemka tangu miaka ya 1840 hadi 1880, misafara ikawa na maelfu ya watu kila mwaka, na bado vijiji vingi vya Unyamwezi viliendelea kuitolea sadaka mizimu yao. Uislamu ulishika mizizi mashambani baadaye, chini ya ukoloni, kwa kazi ya masheikh na tarika, hasa Qadiriyya. Barabara ilikuwepo, watu walipita, bidhaa zilipita, na imani haikuhama kwa kasi ya bidhaa. Mfanyabiashara wa Kazeh alihitaji chakula, wapagazi na amani njiani. Kuslimisha wenyeji hakukumwongezea chochote kati ya hivyo. Naye mkulima alikuwa na sababu nzito ya kubaki na mizimu yake, sababu ambayo gemu haijaiandikia kanuni.

Imani ya mkulima huyo nayo imewekwa mahali fulani katika gemu. Safu ya dini ina chaguo 5, na la kwanza, ambalo kila taifa huanza nalo, linaitwa Upagani. Halikuongezei furaha, halikupi elimu, halikupi askari hodari. Ni nafasi tupu inayongoja kujazwa na kitu cha maana. Hapo ndipo ninapogoma. Katika Unyamwezi ya mwaka 1857 mahali hapo palikuwa pamejaa kuliko mahali pengine popote.

Nieleze kwanza upande wa serikali. Gemu ina safu 5: serikali, sheria, kazi, uchumi na dini. Kila safu ina chaguo 5, na mchezaji anachanganya apendavyo. Ukiweka utawala wa kurithi, kila kikosi cha askari kilichokaa mjini kinapunguza manung'uniko ya raia. Ukiweka utawala wa kidini, askari wanaofunzwa katika miji ya dini ya taifa wanapata uzoefu zaidi, na dini nyingine haziwezi kuenea kwako. Ukiweka uhuru wa dini, unaacha kuwa na dini ya taifa, lakini kila dini iliyomo mjini inaongeza furaha na elimu inakwenda haraka. Ukitaka kubadilisha, unabofya. Gharama yake ni machafuko ya zamu moja au zaidi ambapo hakuna kodi wala kazi, kisha mambo yanatulia na serikali mpya imesimama. Viongozi wenye sifa ya ucha Mungu, Mansa Musa akiwa mmojawapo, hawalipi hata gharama hiyo.

Katika safu ya kazi kuna chaguo la utumwa. Ukiliweka, unaweza kukamilisha jengo papo hapo kwa kutoa uhai wa wakazi wako. Idadi ya watu inashuka na ghala linasimama. Wachezaji mahiri hulipenda kwa sababu lina nguvu mapema. Msomaji anayeifahamu njia iliyopita Tura, ambayo ilishusha pwani watu waliofungwa pamoja na pembe, hawezi kulibofya chaguo hilo kwa moyo mwepesi, na sidhani anapaswa kuweza.

Basi tuje kwa mtemi. Unyamwezi haikuwa dola moja. Ilikuwa na himaya nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Mtemi hakuwa mfalme aliyeongezewa cheo cha ukuhani. Ibada ndiyo iliyokuwa shina la mamlaka yake. Yeye ndiye kiungo kati ya nchi na mizimu ya watawala waliozikwa humo. Mvua, rutuba ya mbegu na afya ya watu vilitegemea afya yake na usahihi wa matambiko yake. Mtemi aliyedhoofika sana alikuwa hatari kwa nchi, na desturi ya zamani iliwaruhusu wazee wake, wanyampara, kumharakishia kifo. Walikuwa haohao waliomchagua ndani ya ukoo wenye haki hiyo. Alivaa kibangwa, duara lililochongwa kwa kombe la baharini. Tembo akianguka katika nchi yake, pembe moja ilikuwa ya mtemi.

Pembe hiyo ndiyo iliyovuruga mambo. Zamani ilikuwa alama ya heshima tu. Soko la pwani lilipoanza kulipa vizuri, pembe ikanunua bunduki, bunduki ikakusanya vijana, na mtu aliyepaswa kukaa ikulu akiwaombea watu mvua akajikuta mkuu wa jeshi. Kwa lugha ya gemu, Unyamwezi ilikuwa inahama safu. Hapa ndipo pa kupima kama kitufe kinafanya kazi.

Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850, na Mnywa Sele akarithi. Huyu aliamua kutoza ushuru bidhaa za wafanyabiashara, jambo ambalo mchezaji yeyote wa Civilization angelifanya katika zamu ya kwanza. Waarabu wakakataa, vita vikazuka, Mnywa Sele akafukuzwa, akabaki miaka kadhaa akivamia na kuziba njia ya mashariki, ileile ya kuelekea Tura na Ugogo. Waarabu walikuwa na bunduki, mali na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Nchi ilikuwa mikononi mwao. Walimweka nani? Mkasiwa, mtu wa ukoo uleule wa kitemi. Sultani aliweka liwali wake Tabora, na liwali alisimamia mambo ya Waarabu. Hakuna aliyethubutu kumkalisha liwali kwenye kiti cha mtemi. Mfanyabiashara Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alipata nguvu Unyanyembe kwa kumwoa Karunde, binti Fundikira. Wageni wenye silaha walilielewa jambo ambalo gemu haikulielewa: unaweza kumwondoa mtemi, huwezi kuuondoa utemi, maana hakuna mwingine mwenye namba za simu za wale waliozikwa.

Wajerumani nao walifuata nyayo hizo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana nao kwa ukaidi mkubwa. Mashambulizi ya 1892 yalishindwa, na Januari 1893 boma lake lilipoingiliwa na kikosi cha Tom von Prince, alilipua ghala lake la baruti asikamatwe. Wajerumani walikuwa na mizinga. Walimweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa kitemi.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa watu wawili walioishi wakati mmoja, wakatumia silaha zilezile, wakafa mwaka mmoja, na wakalijibu swali hili kinyume. Mmoja anajulikana hadi shuleni, Mirambo. Mwingine ni Nyungu ya Mawe, na ni dhuluma kwamba vijana wengi hawajamsikia.

Mirambo alizaliwa katika ukoo wa watemi wa Uyowa, himaya ndogo magharibi mwa Tabora. Kwa warugaruga wake, vijana wa vita waliokatwa na koo zao, alijenga dola iliyoitikisa njia nzima. Mwaka 1871 aliwapiga Waarabu wa Tabora waliofuatana na Stanley, akafunga njia ya Ujiji, Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili amfikie Livingstone. Kwa upande wa dini alicheza kwa akili ambayo gemu ingempa alama za juu. Katika Civilization IV, mataifa yenye dini moja hupendana, na njia rahisi ya kupata rafiki ni kubadili dini. Mirambo alimkaribisha Urambo, makao yake makuu, mmisionari daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society mwaka 1879, akafungua urafiki na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, na hakubatizwa. Alichukua dawa, mawasiliano na heshima, akabaki na mizimu yake. Urafiki huo uliharibika mwaka 1880, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, walipouawa katika shambulio la majeshi yake huko Mpimbwe.

Hata hivyo, kila alipoteka himaya, kwa kawaida Mirambo alimweka mtu mtiifu kutoka ukoo wa watemi wa hapohapo. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeijua nchi. Watu walimkubali mtawala mpya mapema kwa sababu mvua yao haikukatika. Ila kila mtemi huyo alibaki na chemchemi yake ya mamlaka, isiyotoka Urambo. Kilichowafunga pamoja kilikuwa Mirambo mwenyewe na bunduki zake. Alipofariki Desemba 1884, nduguye Mpandashalo alirithi jina na jeshi, na dola ikapukutika.

Nyungu ya Mawe alitoka ukoo wa watawala wa Unyanyembe, akajenga nguvu zake Ukimbu, kusini mwa njia, na mkono wake ukafika Mgunda Mkali, kwenye mlango wa Tura. Wakimbu walikuwa na watemi wengi wadogo, wanyonge kwa silaha na wazito kwa matambiko. Yeye hakuwategemea. Aliweka juu yao watwale, maofisa aliowateua mwenyewe, ambao mamlaka yao yalitoka kwake na pembe za nchi zilipita kwao kwenda kwake. Watemi waliachiwa ibada, utawala ukachukuliwa. Nyungu alikufa mwaka 1884 kama Mirambo. Binti yake Mgalula akarithi, watwale wakaendelea na kazi, na nchi ikasimama hadi Wajerumani walipofika.

Mtu akisoma haraka atasema Nyungu alibofya na kitufe kikaitika. Siyo. Nyungu hakuifuta ibada wala hakuibadilisha. Aliipa chumba chake, akajenga utawala chumba cha pili. Mirambo aliviacha vyote viwili chini ya paa moja la mtemi. Hiyo ndiyo tofauti kati yao, na gemu yenye safu 5 haiwezi kuicheza, kwa kuwa inadhani dini na serikali ni safu mbili tangu mwanzo, za mchezaji mmoja aliyeketi juu ya zote.

Wapo waliokaribia zaidi. Europa Universalis IV, iliyotolewa na Paradox ya Sweden mwaka 2013, ina Kilwa, na inazipa dini za asili za Afrika kanuni zake: mtawala mpya anaposhika kiti huchagua kundi la ibada litakalompa faida fulani. Mojawapo ni Cwezi. Nilifurahi kuliona, maana Waswezi wapo Unyamwezi na Usukuma, chama cha waliopandwa na mizimu, chenye mafunzo, ngazi na siri zake. Lakini Waswezi hawakuwa chombo cha kuteuliwa na mtawala. Mtu aliingia kwa kuugua, kwa kuitwa na mizimu, kwa kuchezwa na waliomtangulia, na uanachama ulivuka mipaka ya himaya. Ilikuwa nguvu ya raia, na mtemi mwenye busara aliiheshimu. Kuifanya faida ya mfalme ni kuigeuza kichwa chini.

Civilization VI ya mwaka 2016 nayo ina Zanzibar, kama mji mdogo huru. Ukiupelekea wajumbe wengi kuliko wapinzani wako, unakuwa mlezi wake, na miji yako inapata mdalasini na karafuu. Hapo nampongeza aliyeandika. Uhusiano wa ulezi bila kumiliki, unaonunuliwa kwa zawadi na kupotea mwingine akizidisha, ndio hasa uliokuwa kati ya Sultani na Unyanyembe, ingawa gemu imeipa Zanzibar nafasi ya kulelewa tu, na ukweli ni kwamba Zanzibar ndiyo iliyokuwa ikilea.

Kuna hoja moja dhidi yangu, na ni nzito. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria, na hapakuwa na zamu hata moja ya machafuko. Mtemi wa Unyanyembe wakati huo, Abdallah Fundikira, alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Nyerere. Alijiuzulu mwaka huohuo, akarudi kwenye siasa za vyama mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama mwanzilishi wa chama cha UMD. Hapa kitufe kilifanya kazi. Kwa nini kilifanya kazi 1963 na si 1860?

Jibu ni kwamba utemi ulikuwa umeshafanyiwa, kwa miaka 70, kitu kibaya kuliko kufutwa. Wajerumani waliwafanya watemi wakusanye kodi ya serikali. Waingereza, hasa chini ya Gavana Donald Cameron na sheria yake ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, wakawapa mishahara, mahabusu, makarani na madaftari. Mtemi akapata nguvu za kiofisi ambazo babu yake hakuwa nazo, akapoteza ile sababu ya kutiiwa ambayo babu yake alikuwa nayo. Wakati huohuo watu wengi walikuwa wamehamia msikitini na kanisani, na chama cha TANU, kilichofanya mkutano wake maarufu wa uchaguzi wa kura tatu mjini Tabora Januari 1958, kilikuwa kimewapa sababu mpya ya kumtii mtu. Kilichofutwa 1963 kilikuwa ofisi.

Kwa hiyo kanuni ningeiandika hivi. Mtawala awe na akiba mbili za utii, moja ya silaha na mali, nyingine ya ardhi na waliozikwa humo. Ya kwanza ijazwe na biashara. Ya pili isinunulike. Ijazwe na mvua, matambiko na miaka. Mchezaji aweze kuzishika zote mbili kama mtemi, aziache mikononi mwa watemi aliowateka kama Mirambo, azitenganishe kama Nyungu, au aikaushe ya pili polepole kama walivyofanya wakoloni, na apate faida na hasara ya njia aliyoichagua. Akijaribu kuifuta wakati bado imejaa, njia ya misafara ifungwe kama ilivyofungwa na Mnywa Sele.

Wapo vijana Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaoandika programu za michezo leo. Wasingoje Firaxis wala Paradox. Habari za Nyungu ya Mawe, za Isike na za njia ya Tura zimeandikwa na zinasomeka. Wazichukue, waandike kanuni zao, na mchezo uanze pale msafara unapotoka Mgunda Mkali.